Sista Aliyetufundisha Kuipokea Ndege

Kabla hajatufundisha jambo lolote kuhusu ndege, alitupima uzito. Alikuja Lupepo na mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano ambayo wachuuzi wa Isongole hupimia viazi. Akaifunga kwenye boriti ya stoo ya kijiji, akatundika machela ya turubai kwenye ndoano, kisha akaamuru watu wazima walale juu yake mmoja mmoja. Wanawake walicheka wakishika mbavu. Wanaume walinuna.

"Sista, mimi nipimwe kama gunia la viazi?" mzee mmoja wa kanisa alimwuliza.

"Gunia halilalamiki, taata. Lala."

"Basi usinipime lumbesa."

Watu walipasuka kwa kicheko, maana ilikuwa ile miaka ambayo soko lilikuwa limefunguliwa kwa kila mtu, na wanunuzi tusiowajua walipanda milimani kwetu na magunia yao yenye kilele kirefu kuliko gunia lenyewe. Sista hakucheka. Alieleza kwamba ndege ya wagonjwa ni ndogo, ina viti sita, na viwili vimeng'olewa kupisha machela. Kiwanja chetu cha majani nacho ni kifupi na kinaishia korongoni. Rubani lazima ajue uzito wa kila kinachopanda, pamoja na mkungu wa ndizi ambao ndugu wa mgonjwa huwa hataki kuuacha nyumbani.

"Mkinidanganya kilo kumi," alisema, "sote tutakwenda kulala korongoni. Mgonjwa, rubani, mimi na ndizi zenu."

Mimi ndiye niliyeandika uzito wa watu siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilimaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kwenda sekondari, na tangu hapo nilikuwa nikijisomesha mwenyewe kwa kila karatasi iliyonipitia mkononi: kitabu cha uuguzi kisicho na jalada, maelezo ya kwenye maboksi ya dawa, magazeti ya kufungia sukari. Sikuwa na mwalimu wa kunisahihisha, kwa hiyo nilijisahihisha bila huruma. Herufi moja ikiharibika, nilichana ukurasa mzima. Usiku nilikosa usingizi kwa ajili ya sentensi. Natangulia kusema hivyo ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani anayemsimulia Sista, kwa sababu ubaya ninaokuja kuusema ulitoka hapo hapo.

Jina lake lilikuwa kwenye beji kifuani. Nililisoma mara nyingi, lakini Lupepo nzima haikumwita kwa jina hilo, na hapa atabaki Sista. Wala sitasema alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi. Yeye hakuwahi kutuuliza sisi.

Ofisi ya ndege ya wagonjwa ilikuwa imemwajiri kama muuguzi wa kuruka nao. Kufundisha alijiongezea mwenyewe. Siku ambazo wingu liliufunika mlima Rungwe na ndege ikashindwa kuondoka, wenzake walikunywa chai. Yeye alivaa buti za mpira akapanda vijijini. Alikuwa amechoka, alituambia, kushuka kwenye ndege na kukuta mama mjamzito aliyezimia kwa sababu hakuna aliyejua kumlaza ubavu wa kushoto, au mtu aliyevunjika mguu akafungwa kamba mpaka vidole vikawa vyeusi.

"Ndege haiponyi mtu," alikuwa akisema. "Inabeba kile mlichokianza ninyi."

Kwa hiyo alitufundisha kuanza. Tulikuwa kikundi cha watu wanane, wanawake watano na wanaume watatu, na kati yetu wanne hawakujua kusoma. Tulijifunza kufunga banzi kwenye mguu uliovunjika kwa magome ya migomba. Tulijifunza kulegeza bendeji kabla ya safari, kwa kuwa mwili huvimba ndege ikiwa juu. Tulijifunza kwamba hewa iliyomo tumboni nayo hupanuka huko juu, na mgonjwa wa utumbo akiwa amejazwa uji na ndugu wenye huruma, atateseka angani kuliko alivyoteseka ardhini. Hilo la uji lilikuwa gumu kuliko yote. Kwetu mgonjwa asiyelishwa ni mgonjwa aliyetupwa.

"Mtoto wangu aende safari na njaa?" mama mmoja alimlilia.

"Ee, aende na njaa. Njaa ataimaliza akirudi. Ukimlisha, huenda asirudi kula tena."

Alikuwa na ulimi wa namna hiyo. Hakupamba.

Kutufundisha hatari ya pangaboi, lile linalozunguka puani mwa ndege, alibeba mwanzi mrefu mabegani, akasimama katikati ya kiwanja na kuanza kuzunguka kama mtu aliyepagawa. Tulitakiwa kumfikia na machela bila kuguswa. Njia ilikuwa moja tu: kungoja mpaka asimame kabisa, kisha kwenda kwa ubavuni, nyuma ya bawa. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kutazama tu, alitaka kumsalimia kwa mbele kama ilivyo heshima. Mwanzi ulimpiga sikioni.

"Umekufa, mwenyekiti," Sista alisema, akiendelea kuzunguka. "Anayefuata."

Kuhusu upepo, rubani alihitaji kitambaa cha kuonyesha unakotoka. Ofisi iliahidi kuleta kile chenyewe, chekundu na cheupe, na hatukukiona. Sista alikwenda mnadani, akachambua mitumba nusu siku, akarudi na suruali ya kiume ya rangi ya machungwa. Akashona mguu mmoja, akauacha mwingine wazi, akaipandisha juu ya mlingoti. Ilijaa upepo ikasimama kama mtu anayepiga teke. Mzee yule yule wa kanisa alisema ni aibu mama mzima kupandisha suruali juu ya kijiji cha Wakristo.

"Nitafutie gauni linalojaa upepo, taata, nitalipandisha hilo," Sista alimjibu. Suruali ilibaki.

Nisimfanye malaika. Aliiba. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi. Maboksi ya bendeji na plasta yaliyokuwa yamepita muda, ambayo yalitakiwa kuchomwa, aliyabeba chini ya kiti cha ndege na kutuletea. "Bendeji haiozi," alisema. "Anayetaka kunishtaki anishtaki akiwa amevunjika mguu." Tena alikuwa mchoyo wa sifa. Nilimfanyia kazi miaka mitatu na sikumsikia hata mara moja akisema nimefanya vizuri. Alitazama daftari langu, mistari yangu iliyonyooka, vichwa vya habari nilivyovipigia mstari kwa rangi mbili, akasema, "Nzuri. Sasa lifunge, uniambie bila kutazama." Nilishindwa. Nilijua kuandika kila kitu na sikujua kitu.

Na alitapika. Huyu mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuruka, hakuizoea ndege kamwe. Kila ilipotua Lupepo tulimwona kupitia kioo akiwa ameinamia mfuko wa karatasi. Mlango ulifunguka, akajifuta mdomo, akatupa mfuko, akashuka akitoa amri. Siku moja Atupele, mmoja wa kikundi chetu, alimpa ndimu anyonye. Akaipokea, akainyonya, akasema, "Msidhani naogopa. Tumbo langu ndilo linaloogopa, mimi nalipeleka kazini hivyo hivyo."

Atupele alikuwa mwenzangu wa kushika machela mbele. Alikuwa na miaka kama ishirini na miwili, ameolewa Lupepo, hajui kusoma, ana mikono ya mchuma chai na masikio yaliyoshika kila neno mara moja. Sista alipouliza swali na mimi nikawa napekua daftari, Atupele alikuwa amekwisha jibu. Nilimwonea wivu. Hilo nalo nalisema.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu kwa ajili ya wasiolijua. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Sisi tunaita kutila. Mwanamke akimwona baba mkwe anakuja, huiacha njia, hujifunika kitenge na kuingia majanini mpaka apite. Hali naye, hamgusi, jina lake halitamki. Mjini wameanza kulegeza na wachungaji wamehubiri mara nyingi, lakini Lupepo mwanamke anayelivunja hilo anamdhalilisha mume wake, watoto wake na yeye mwenyewe. Hata Sista, ambaye hakumwogopa mwenyekiti wala mkuu yeyote, niliwahi kumwona pale Makandana alikokuwa akiishi, akiwa amevaa sare nyeupe, mkoba wa dawa begani, akiingia ghafla ndani ya duka la chumvi na kugeukia ukuta. Nilidhani anaumwa. Mzee mmoja mwenye fimbo alipita barabarani taratibu. Alipopotea, Sista alitoka akajipangusa chumvi kwenye sare yake.

"Baba mkwe," alisema. "Twende."

Niliuliza kwa nini yeye, mtu wa ndege, bado anafanya vile. Alinitazama kama nimemtukana. "Kuruka ni kazi. Yule ni mzee wa nyumba yangu. Nani amekwambia nichague?"

Mwaka wa tatu ofisi ilipata mratibu mpya. Alikuwa kijana msomi, si mtu wa milimani kwetu, mwenye viatu vilivyong'aa hata baada ya mvua. Aliamini kwamba wakati umebadilika, kwamba kila huduma sasa ishindane kama biashara, na kwamba kuwaachia wakulima wagonjwa wa ndege ni mambo ya zamani ya kujitolea. Alitaka watu wenye vyeti. Sista alimwambia aje atuone kwanza. Alikubali: angekuja na ndege siku ya kwanza ambayo Lupepo ingekuwa na mgonjwa, atutazame, aamue. Akituona tunafaa, kikundi kinabaki. Tukikosea, ndio mwisho wetu. Sista alitupa habari hiyo bila kuipamba, akaondoka.

Mimi nilianza kufa hapo hapo. Nilipanga orodha. Nilipima kila mtu urefu kwa kamba, nikawalinganisha wawili wawili, ili machela yasiinamie upande hata kidogo kwenye mteremko. Mimi na Atupele tulilingana kama tumekatwa kwa msumeno mmoja. Nilichora mchoro. Nilichora tena. Watu wanne wa machela, mmoja wa mlingoti, wawili wa kufukuza ng'ombe, mmoja wa mizani. Sikuwahi kutengeneza kitu kizuri kama ule ukurasa.

Siku ikafika, msimu wa mvua, barabara ya kwenda mjini imekatika darajani. Mganga wa zahanati aliita ndege kwa redio: mzee mwenye ngiri iliyokwama, tumbo gumu, anatapika tangu jana, anatoka ng'ambo ya mto. Rubani akajibu kwamba wingu limeinuka, wanakuja, na mratibu yumo.

Nilikuwa nakagua kiwanja Atupele aliponijia, kitenge amekishika kwa mikono miwili.

"Dada, niweke kwenye ng'ombe leo."

"Kwa nini?"

"Mgonjwa anatoka kule ambako mimi siendi."

Nilielewa. Naapa mbele ya anayesoma kwamba nilielewa mara moja. Baba mkwe wake alikuwa na nyumba mbili, na ile ya mke mdogo ilikuwa ng'ambo ya mto. Atupele asingeweza kusema zaidi ya pale, kwa kuwa jina hakuruhusiwa kulitamka, na mimi nilikuwa mzaliwa wa huku huku, sikuhitaji zaidi. Wale wawili wa kufukuza ng'ombe walikuwa wafupi. Ningemweka mmoja wao mbele pamoja nami, machela yangeinama, na mratibu angetazama machela yaliyoinama.

"Watamfunika," nilimwambia. "Kuna manyunyu, watamfunika blanketi mpaka kichwani. Hutamwona, naye hatakuona."

"Dada, nakuomba."

"Atupele, leo? Mbele ya yule bwana? Orodha imekwisha pangwa."

Alinitazama kidogo, kisha akaenda kusimama mahali pake.

Mgonjwa aliletwa amefunikwa. Ndege ikatua, Sista akatapika, mlango ukafunguka. Mratibu alishuka akasimama pembeni na kalamu yake. Tulingoja pangaboi lisimame, tukaenda kwa ubavuni, nyuma ya bawa, hatua za sisi wanne kama za mtu mmoja. Nilikuwa na furaha. Nakumbuka furaha ile kwa aibu. Tulikuwa tumebakiza hatua kumi upepo wa korongoni ulipopanda, ukalishika blanketi na kulitupa hadi miguuni. Mzee akafumbua macho. Alikuwa anamtazama mkamwana wake usoni.

Atupele aliachia. Hakukimbia kwa uoga. Mwili wake ulifanya kile ulichofundishwa tangu siku ya harusi. Alijifunika kitenge, akajitupa majanini kifudifudi. Machela yakaegemea upande wake, na mzee akabiringika kwenye majani mabichi, akaangukia bega.

Sista alikuwa pale kabla sijapumua. Alimrudisha mzee kwenye machela, akamfunika uso kwa kofia yake mwenyewe, akashika mpini wa Atupele. "Inueni. Moja, mbili." Tukapandisha. Alimwekea dripu, akaufunga mlango. Mratibu ilibidi apande akiwa bado anaandika. Ndege iliondoka, na Atupele alikuwa bado amelala majanini.

Mzee alipasuliwa akapona ngiri. Bega lake halikuinuka tena.

Wiki iliyofuata tuliitwa darasani, kwenye shule ya msingi. Mratibu alikaa mbele kwenye meza ya mwalimu. Sisi wanane tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Alimsimamisha Atupele.

"Wewe ndiye uliyemwangusha mgonjwa. Kwa nini?"

Atupele alijifunika kichwa, akainama. Kujibu kulitaka amtaje mzee, na hakuweza.

"Hana jibu," mratibu alisema.

"Ana heshima zake," Sista alisema kutoka nyuma. "Yule ni mkwe wake."

"Heshima gani inayomwangusha mgonjwa?"

"Hiyo hiyo inayomfanya afue matandiko ya mgonjwa bila kuombwa. Hukuiona hiyo kwa kuwa hukuja siku ya kufua."

Watu waliguna. Mratibu akageuza sauti, akawa mpole. Alisema hakuja kuvunja kitu. Kama Atupele ataondolewa, na wengine watatu wasiojua kusoma pamoja naye, kikundi kinaweza kuendelea na wanaobaki. Alisema amesikia kuna binti mmoja mwenye daftari safi sana, mwenye orodha nzuri. Akaniangalia.

Hapa ndipo mahali pangu. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: aliniomba, nikamkatalia. Nilikuwa nimekaa dawati moja na Atupele, goti lake linagusa langu. Alikuwa ananingoja, nilihisi anavyoningoja. Badala yake nilijiuliza niiseme vipi. Nilitafuta sentensi ya kwanza. Nikaipata, nikaona haifai, nikatafuta nyingine. Nilisahihisha kimya kimya mpaka nafasi ikapita.

Sista alisimama. "Yule mkwe asingeonekana, kama mimi ningewafundisha kufunga blanketi kwa mikanda. Sikuwafundisha. Kwa hiyo kosa ni langu."

"Hakuna anayekulaumu wewe, Sista."

"Nilaumu. Ukimwondoa mmoja kati ya hawa, andika na mimi kwenye karatasi hiyo hiyo. Jina langu unalijua, liko hapa." Akagonga beji yake. "Asiyejua kusoma ana mikono miwili. Mimi wagonjwa nawapokea kutoka mikononi, siwapokei kutoka kwenye vyeti."

"Unachagua wakulima kuliko kazi yako?"

"Wewe ndiye unayenitaka nichague. Basi nimechagua. Andika."

Akaandika. Sista aliondolewa kwenye safari za ndege. Alipelekwa kugawa dawa dirishani, na baadaye akaambiwa apumzike kabla ya umri wake. Ndege ilikuja Lupepo mara chache kisha ikaacha. Suruali ilichakaa mlingotini. Lakini kikundi hakikufa, na hili nalisema kwa kichwa kilichoinuliwa, ingawa sistahili. Machela yalikuwa yetu, tuliyashona wenyewe. Tuliendelea kuwashusha wagonjwa kwa miguu mpaka barabara ya lami, ubavu wa kushoto, bendeji imelegezwa, blanketi limefungwa kwa mikanda. Hatukuomba ruhusa ya mtu. Atupele ndiye aliyeongoza. Mimi nilikaa miezi mitatu, nikahamia mjini kwa shangazi, nikijiambia kwamba nakwenda kusoma.

Lakini kwao Atupele, jambo halikuisha na mkutano. Mama mkwe wake, mke mkubwa wa yule mzee, alimhesabu kuwa mwanamke aliyemtupa baba mkwe wake chini mbele ya wageni kwa kutaka kujionyesha kwenye machela. "Nani alimtuma kushika?" alikuwa akisema kila mtu akimsikia. "Si angekaa pembeni?" Nilizisikia habari hizo mjini. Nilingoja siku nzuri ya kwenda kusema ukweli. Mzee akafariki kwa uzee wake, nami nikawa bado nangoja.

Mwaka jana nilikwenda kumwona Sista nyumbani kwake Makandana. Alikuwa amenenepa, nyonga moja imekufa ganzi, anatembea kwa kushika ukuta. Alinikaribisha ndani, tukasalimiana kwa kirefu kama inavyotakiwa, akanimiminia chai ya maziwa. Kisha nikamweleza yote. Nilikuwa nimejiandaa wiki mbili. Nilimweleza hofu yangu, utoto wangu, namna nilivyojifunza peke yangu, namna ninavyoteseka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kikombe changu kilikuwa bado kimejaa. Alinyoosha mkono, akakichukua.

"Kwa hiyo Atupele alikuomba."

"Ndiyo, Sista."

"Na mimi nikasema mbele ya yule bwana kwamba ni blanketi."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii nimejilaumu kwa blanketi." Sauti yake ilipanda. "Umekwenda kwake?"

"Bado. Nilitaka kwanza wewe uni..."

"Nikusamehe? Mimi uliniangusha nini? Mimi nilisimama nikasema, nikatoka pale nimenyooka. Umekuja kwangu kwa sababu mimi ni rahisi." Akaimwaga chai yangu nje ya mlango. "Hutakunywa hapa. Nipe hiyo fimbo."

"Unakwenda wapi, Sista? Nyonga..."

"Nyonga itakwenda ninakoipeleka."

Alisimamisha pikapu ya majani ya chai barabarani. Dereva alisema mbele pamejaa. Sista alimwambia abiria wa mbele ashuke, yeye ni kijana na miguu anayo, na abiria akashuka. Mimi nilipanda nyuma kwenye magunia. Njia nzima nilitunga maneno.

Atupele alikuwa uani kwake, anamenya ndizi, kisu kinaingia na kutoka upesi. Alipomwona Sista alipiga kelele ya furaha. Aliponiona mimi aliniletea kigoda, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Nilikaa. Nilianza na jinsi nilivyokuwa mdogo, jinsi nilivyoogopa siku ile, jinsi moyo wangu...

"Hiyo ni hotuba," Sista alinikatiza. "Sema."

Atupele alikuwa ameacha kumenya.

"Uliniomba nikuweke kwenye ng'ombe," nilisema. "Nilijua mgonjwa ni nani. Nikakukatalia. Na darasani nikanyamaza."

"Ee," Atupele alisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Hakulia, wala hakunikumbatia. Alifuta kisu kwenye ganda la ndizi, akakiweka chini, akageukia jikoni ambako moshi ulikuwa unatoka.

"Mama!" aliita. "Mama mkwe! Njoo hapa nje kidogo. Kuna mtu ana neno."

Bibi kizee alitoka akiwa ameinama, anajikinga macho na mwanga, akatutazama mmoja mmoja. Nilisimama kutoka kwenye kigoda, kama mdogo anavyosimama mbele ya mkubwa, nikayasema tena, kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia.